Mkojo mwekundu: historia fupi kutoka Kairo hadi Kawangware

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya kuharakisha hifadhidata, na wawili watatu wameniandikia kuuliza imepotelea wapi. Itakuja. Wiki hizi mbili nimekuwa nikisoma mambo ya mkojo. Kabla hujafunga ukurasa nipe dakika kumi, maana mwishoni tutarudi kwenye kodi.

Ilianza hivi. Rafiki yangu mmoja wa Kibera, pale Makina, ana kikundi cha vijana wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakiwapima watu presha na sukari. Mwezi uliopita alipata makopo kadhaa ya vile vijiti vya kupimia mkojo, vyenye vibandiko vidogo vya rangi. Akanipigia simu.

"Buda, wewe si ni mtu wa kompyuta? Tutengenezee programu. Mtu anakojoa kwenye kikombe, tunachovya kijiti, simu inapiga picha, inasoma rangi ya kile kibandiko cha damu, halafu inamwambia kama ana kansa ya kibofu. Tunaanza na Kibera, kisha tunakuja kwenu Kawangware."

Nilikubali papo hapo. Kusoma rangi kwa kamera ya simu si kazi kubwa, shida ni mwanga tu, na kwa hilo unaweka karatasi nyeupe pembeni ya kijiti ili programu ijue nyeupe ya hapo ikoje. Kufikia Jumamosi ilikuwa inafanya kazi. Kibandiko kikibaki manjano, inaandika "salama". Kikigeuka kijani au buluu, inaandika "hatari ya saratani, nenda hospitali". Mtu wa kwanza kupimwa nilikuwa mimi. Salama. Wa pili alikuwa mjomba.

Mjomba ni fundi cherehani. Anaishi Kawangware upande wa Gatina, lakini amezaliwa na kukulia Msambweni, Kwale. Alikubali kupimwa ili tu nisimsumbue. Kibandiko kiligeuka buluu iliyokolea, na simu ikatoa ujumbe wake mwekundu. Yeye akacheka.

"Hiyo ni habari ya zamani, mjomba. Sisi kule kwetu tumekojoa damu tangu tuko wadogo. Asiyekojoa damu alionekana bado mtoto."

Halafu, kama mtu anayetaja jambo dogo, akaniambia kwamba mwaka huu amekwenda zahanati ya mtaani mara tatu kwa sababu mkojo ulikuwa mwekundu. Mara zote tatu walichovya kijiti kama changu, wakamwambia ana maambukizi ya njia ya mkojo, wakampa dawa za kuua bakteria. Hana maumivu. Dawa akazimeza zote.

Sasa angalia hapo. Kijiti kimoja, rangi moja, majibu matatu. Programu yangu inasema saratani. Zahanati inasema bakteria. Mjomba anasema utoto wa Kwale. Katika kazi yetu, ingizo moja likitoa matokeo matatu tofauti, huendelei kuandika kodi. Unasimama na kuuliza hitilafu iko wapi. Nami nikaanza kuitafuta kwenye historia. (Mimi si daktari, na humu sitoi dawa.)

Kairo

Mwaka 1851 daktari kijana Mjerumani, Theodor Bilharz, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini jijini Kairo. Alipokuwa akipasua maiti alikuta minyoo ndani ya mishipa ya damu. Mkojo wenye damu haukuwa jambo geni Misri. Askari wa Napoleon waliokwenda huko mwishoni mwa karne ya 18 waliupata wengi. Na mwaka 1910 mtafiti Marc Armand Ruffer alitangaza kwamba amekuta mayai ya mnyoo huyohuyo ndani ya figo za maiti mbili zilizokaushwa za Misri ya kale, zenye umri wa takriban miaka 3,000. Kwa hiyo ni ugonjwa uliokuwapo kabla ya wengi wa wafalme tunaowasoma darasani.

Wazungu waliuita bilharzia kwa jina la huyo daktari. Sisi tuna neno letu, kichocho.

Mzunguko wake uliwekwa wazi mwaka 1915 na Robert Leiper, aliyetumwa Misri wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu jeshi la Uingereza liliogopa askari wake kuugua. Mtu mwenye kichocho anakojoa majini. Mayai yanaanguliwa, viluwiluwi vinaingia ndani ya konokono fulani wa maji baridi, vinaongezeka humo, vinatoka, na vinapenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayecheza majini. Huna haja ya kuyanywa hayo maji. Minyoo inakomaa na kukaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu, dume na jike pamoja, kwa miaka. Jike anataga kila siku. Mayai mengine yanatoboa ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, pamoja na damu. Mengine yanakwama kwenye ukuta huo, na mwili unapigana nayo mwaka baada ya mwaka bila kushinda.

Hapa niweke tofauti moja, maana hata mimi nilikuwa nazichanganya. Kichocho cha Mwea na cha kando ya Ziwa Victoria kwa sehemu kubwa ni cha tumbo. Kile cha mkojo ndicho cha Pwani yetu, cha Kwale, Kilifi na Tana River, na cha Unguja na Pemba.

Sasa tuje kwenye saratani. Mwaka 1911, palepale Kairo, mtaalamu wa magonjwa aitwaye A. R. Ferguson alichapisha uchunguzi wa watu 40 waliokuwa na saratani ya kibofu, akaihusisha na kichocho. Jambo lenyewe lilisubiri muda mrefu kupigwa muhuri. Ni mwaka 1994 ndipo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilipomweka mnyoo wa kichocho cha mkojo kwenye kundi la kwanza la visababishi, yaani vile ambavyo hakuna shaka vinaleta saratani kwa binadamu. Kutoka 1911 hadi 1994 ni miaka 83. Mimi nikiacha tiketi ya hitilafu wazi kwa wiki mbili bosi ananiita.

Kwa miongo mingi saratani ya kibofu ilikuwa miongoni mwa saratani zilizoongoza kwa wanaume wa Misri. Tiba ya kichocho ilipoenea, ile aina ya saratani inayofuatana na kichocho ilipungua. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Frankfurt

Wakati Kairo inahangaika na minyoo, Ulaya ilikuwa na njia yake ya kufika kwenye saratani hiyohiyo. Mwaka 1895 Ludwig Rehn, daktari mpasuaji wa Frankfurt, aliripoti uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wachache wa kiwanda kimoja cha rangi za nguo. Wachache, lakini wote wametoka sehemu moja. Mwaka 1938 Wilhelm Hueper alionyesha kwa mbwa kwamba mojawapo ya kemikali za viwanda hivyo huleta uvimbe huo. Mwaka 1954 Robert Case na wenzake wakachapisha hesabu ya wafanyakazi wa viwanda vya rangi vya Uingereza, na baada ya hesabu hiyo hakuna aliyeweza kusema ni bahati mbaya. Sheria ya kuzipiga marufuku kemikali hizo Uingereza ilikuja mwaka 1967.

Katikati ya hayo kikatokea kipimo. Mwaka 1945 George Papanicolaou, yule yule ambaye jina lake limebaki kwenye kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, pamoja na Victor Marshall, walionyesha kwamba unaweza kuchukua machicha ya mkojo, ukayapaka rangi, ukayaweka chini ya darubini na kuziona seli za saratani zilizobanduka kutoka kibofuni. Kuanzia miaka ya 1950 wafanyakazi wa viwanda vya rangi Uingereza wakawa wanapimwa mkojo kwa njia hiyo kila baada ya muda.

Kilichonigusa si darubini. Ni kwamba kabla ya kupima mkojo wa mtu yeyote walikuwa tayari na orodha. Walijua nani amefanya kazi wapi na kwa miaka mingapi. Mkojo ulikuwa swali la pili. Swali la kwanza lilikuwa: umetoka wapi?

Kijiti chenyewe

Zamani kupima sukari kwenye mkojo ilikuwa kazi ya kupasha moto kwenye mirija ya kioo. Mwaka 1956 kampuni ya Miles ya Elkhart, jimbo la Indiana huko Marekani, ilitoa kijiti kilichoitwa Clinistix, kazi ya mtu na mkewe, Alfred na Helen Free. Unachovya, unasubiri kidogo, unasoma rangi. Baadaye vikaongezwa vibandiko vingine: protini, asidi, damu.

Kibandiko cha damu kinafanya hivi. Ndani yake kuna kemikali inayobeba oksijeni na rangi iliyolala. Hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, inapogusa kibandiko inaiachilia oksijeni, na rangi inaamka: manjano inakuwa kijani, na damu ikizidi inakuwa buluu iliyokolea. Basi. Hicho ndicho kijiti kinachokijua. Hakijui damu imetoka kwenye figo au kibofu. Hakijui kama ni mawe, bakteria, hedhi, mbio ndefu za jana jioni, kichocho au saratani.

Tena hata ile "salama" ya programu yangu ilikuwa uongo. Uvimbe wa kibofu hautoi damu kila siku. Unaweza kutoa leo, ukanyamaza wiki tatu, ukatoa tena. Mtu akipimwa siku ya kunyamaza, simu yangu ingempongeza na kumrudisha nyumbani.

Kwa hiyo jibu langu la "hatari" halikuwa na msingi, na la "salama" halikuwa na msingi. Programu yenye matokeo mawili tu, yote mawili mabovu. Nilikuwa nimeandika kodi safi sana ya kujibu swali ambalo kijiti hakikuulizwa.

Kilosa

Sasa nifike kwenye sehemu niliyoipenda kuliko zote, na iko hapa nyumbani, Afrika Mashariki.

Miaka ya 1980 dawa ya praziquantel ilikuwa imeshapatikana. Ni ya kumeza, na kipimo chake ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Shida ikawa ni nani apewe. Kipimo cha uhakika kilikuwa kuchuja mililita 10 za mkojo kwenye kichujio chembamba, kisha kuhesabu mayai kwa darubini, mayai yenye mwiba nchani. Hilo linahitaji darubini, mtaalamu, gari na petroli, wilaya nzima, shule baada ya shule. Ukiwa na pesa kidogo unapima shule kumi na kuziacha nyingine zote gizani.

Mtafiti Christian Lengeler na wenzake wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi na Tanzania walijaribu kitu kingine wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro, na matokeo yakachapishwa mwaka 1991. Badala ya kutuma gari walituma karatasi. Fomu zilipita njia ya kawaida ya idara ya elimu hadi kwa walimu wakuu, na walimu wakawauliza watoto darasani. Fomu haikusema inatafuta kichocho. Iliorodhesha dalili na magonjwa kadhaa, na katikati yake likawepo swali la damu kwenye mkojo na neno kichocho kama lilivyo, kwa Kiswahili cha kila mtoto. Ukiuliza ugonjwa mmoja tu, watu hukujibu wanachodhani unataka kusikia. Ukiuchanganya na mingine, wanakujibu ukweli.

Hatua ya pili: zile shule ambazo watoto wengi walijibu ndiyo, hizo tu, ndizo zilizopelekewa vijiti. Na waliovichovya walikuwa walimu wenyewe.

Ndugu zangu waandika programu, mnaona hapo? Chujio la bei nafuu kwanza, chujio la bei ghali baadaye, na la ghali linagusa wachache waliobaki. Ndicho tunachofanya tunapotafuta rekodi kwenye hifadhidata yenye mamilioni ya mistari: kwanza faharasa, kisha mstari wenyewe. Wenzetu walikifanya kwa chaki, karatasi na posta ya wilaya.

Na ilifaulu. Shule zilizotajwa na watoto kuwa mbaya ndizo ambazo vijiti vilizikuta mbaya. Njia hiyo ikajaribiwa katika nchi nyingine kadhaa za Afrika, na kundi la watafiti lililojiita kwa jina la mkojo mwekundu likachapisha matokeo ya pamoja mwaka 1995. Mtoto anajua rangi ya mkojo wake. Kinachohitajika ni mtu wa kumuuliza kwa lugha yake.

Miaka hiyohiyo, Pemba, watoto wa shule walipimwa kwa vijiti na kupewa praziquantel. Na Msambweni, kwao mjomba, watafiti wa Wizara ya Afya ya Kenya akina John Ouma na Eric Muchiri, pamoja na Charles King kutoka Marekani, walikuwa wakipima mkojo wa wanavijiji, kuangalia vibofu vyao kwa mashine ya altrasaundi, na kutibu. Jambo moja lililoonekana katika tafiti za aina hiyo ni kwamba mtoto akitibiwa, makovu mengi ya kibofu hupungua au huisha ndani ya miezi. Mtu mzima aliyekaa nayo miaka ishirini hana bahati hiyo kwa kiwango kilekile.

Nilimuuliza mjomba kama anakumbuka watafiti. Akaniambia alishaondoka. Alikuja Nairobi mapema kutafuta kazi, dawa ikafika kijijini nyuma yake.

Wisconsin

Je, hakuna aliyewahi kufanya kile rafiki yangu alichotaka, kuwachovyea vijiti watu wazima wote kutafuta saratani? Yupo. Edward Messing na wenzake, jimboni Wisconsin, Marekani, waliwapa wanaume wenye umri wa miaka 50 na zaidi vijiti vya damu wakajipime nyumbani siku 14 mfululizo, kisha warudie baada ya miezi tisa. Siku 14, kwa sababu walijua kwamba uvimbe hutoa damu na kunyamaza.

Wanaume 1,575 walijipima. Waliokutwa na damu walikuwa 258. Waliokuwa na saratani ya kibofu kati ya hao walikuwa 21.

Piga hesabu. 258 toa 21 ni 237. Kwa kila mtu mmoja aliyekutwa na saratani, wengine kumi na moja hivi walipata hofu, wakapelekwa hospitali, na wengi wakapitishwa kamera kwenye njia ya mkojo, ili waambiwe hawana. Kwa wale 21 ilikuwa faida, kwani saratani zao zilikutwa mapema kuliko kawaida. Lakini hakukuwa na kundi jingine lililochaguliwa kwa kura ili kulinganisha nani anakufa na nani anapona. Mwaka 2011 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza au kukataa upimaji wa saratani ya kibofu kwa watu wasio na dalili. Vipimo vipya zaidi vya mkojo, vya protini na vya kromosomu, vimeidhinishwa huko tangu miaka ya 1990, ila kazi yao hasa ni kuwafuatilia walioshaugua na kusaidia uchunguzi wa wenye dalili.

Na hiyo ni Wisconsin, ambako hakuna kichocho cha mkojo. Sasa ihamishie Kibera na Kawangware. Mtaa wa watu waliotoka kila kona ya nchi: Pwani, Ukambani, Nyanza, Magharibi. Wengine damu yao ni ya bakteria, wengine mawe, wengine kichocho cha utotoni. King'ora kingelia kila mlango wa tatu au wa kumi, sijui, lakini kingelia sana. Anayelala macho baada ya king'ora ni mtu wa mjengo anayelipwa kwa siku. Kukosa kazi siku moja kwenda kupanga foleni ya altrasaundi ni siku ya kutokula.

Halafu ubaya wa pili, ambao ni mkubwa kuliko wa kwanza. King'ora kikilia sana watu huacha kukisikia. Ndicho kilichompata mjomba. Utotoni mkojo mwekundu ulikuwa wa kila mtu, kwa hiyo hakuogopa. Zahanati nayo huona damu kwenye vijiti kutwa nzima, kwa hiyo haikuogopa. Mara tatu.

Tumerudi Kawangware

Nilimpigia simu msichana niliyesoma naye sekondari, sasa ni daktari. Sikumwambia habari ya programu. Nilimweleza tu: mwanamume, miaka hamsini na kitu, mkojo mwekundu unakuja na kupotea, hana maumivu, ametumia dawa mara tatu. Hakuniuliza kijiti kilisemaje. Aliuliza, "Amekulia wapi?" Nikasema Kwale. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Anavuta sigara?" Sigara ndiyo chanzo kikubwa cha saratani hii duniani. Mjomba havuti. "Mlete Jumatatu."

Mkojo wa kutafuta mayai walimwambia autoe mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane, kwa sababu huo ndio muda mayai hutoka kwa wingi. Hayakuonekana. Hilo halikumfurahisha daktari wala kumshangaza, kwani kwa mtu mzima aliyeondoka kijijini miaka mingi minyoo inaweza kuwa imekufa na makovu yamebaki. Altrasaundi ikaonyesha sehemu moja ya ukuta wa kibofu imenenepa. Wiki iliyopita akapitishwa kamera, wakakata kipande kidogo. Majibu bado.

Usiku wa ile siku nilifungua kodi yangu. Nataka kusema wazi jambo moja, maana rafiki yangu wa Makina aliniambia, "Si unaona, programu ilipatia!" Hapana. Hata kipande kile kikija na majibu mabaya, programu haikupatia. Ilibahatisha. Ingemwambia mjomba na msichana aliye kwenye siku zake maneno yaleyale. Jibu sahihi linalotokana na hesabu mbovu bado ni hitilafu, tena ni hitilafu mbaya kuliko zote kwa sababu inakufanya uamini.

Nimelitoa neno saratani kwenye programu yote. Nimelitoa na neno salama. Kilichobaki ni fomu, kama ile ya Kilosa, ya Kiswahili cha kawaida, yenye maswali machache. Umekulia wapi? Ulipokuwa mtoto ulikuwa ukiogelea mtoni au bwawani? Uliwahi kukojoa damu? Umeona damu mwaka huu? Iliuma? Umeshatumia dawa, mara ngapi, na damu ikarudi? Unavuta sigara? Umefanya kazi gani? Kijiti kinakuja baadaye, na kazi yake ni kuandika "kuna damu" au "leo haijaonekana", basi. Mtu mwenye damu isiyo na maumivu, iliyorudi baada ya dawa, anaandikiwa karatasi ya kumpa daktari yenye majibu yake yote, ili asianze upya kila anapoingia mlango mpya. Karatasi hiyo haisemi ana ugonjwa gani.

Rafiki yangu alilalamika kidogo. Alisema hakuna mfadhili atakayetoa pesa kwa karatasi ya maswali. Labda. Lakini kinachozuia saratani hii kwetu si kumchovyea kijiti mzee wa miaka hamsini Kawangware. Ni kile kidonge anachopewa mtoto wa miaka minane kule Kwale, na programu ya kitaifa ya dawa za minyoo mashuleni imekuwapo Kenya kwa zaidi ya miaka kumi. Shirika la Afya Duniani liliongeza mwaka 2022 kwamba wapewe hata wa miaka miwili. Misri ilishatuonyesha kinachotokea kichocho kikipungua.

Kwa hao watoto kidonge kinawahi. Kwa kizazi cha mjomba, ambao kidonge kilifika walikwishapanda basi la Nairobi, tulichonacho ni swali. Nami nimeona kwamba hilo swali halikuulizwa mwaka mzima, kwenye zahanati yenye mabango ya kila aina ukutani, na mimi pia sikuliuliza, na ni mjomba wangu.

Kama wewe au mzee wako mmekulia Pwani, Tana River au visiwani, na mkojo unakuja mwekundu bila maumivu, au umetibiwa ukarudi, usiseme ni mambo ya zamani. Nenda, na ukifika mwambie daktari ulikokulia hata kama hajakuuliza.

Majibu ya mjomba yanatoka Alhamisi. Naye amenituma nimtafutie mkanda wa cherehani, anasema wateja wa sare za shule hawangoji maabara. Sehemu ya pili ya hifadhidata, Mungu akipenda, wiki ijayo.